Sindano Ndani ya Kasha

Hotuba kwa wahitimu wa darasa la ushonaji, Columbus, Ohio

Shikamooni wakubwa zangu. Dada zangu, hamjambo? Na nyinyi mliotoka Uvira na Fizi, ambao shikamoo yetu ya pwani bado mnaipokea kwa kicheko, jambo sana.

Nimeombwa niseme juu ya wahamiaji waliofanikiwa Marekani. Nilisita. Hotuba za namna hiyo nimezisikiliza nyingi, kwenye viti vya plastiki kama hivyo mlivyokalia: mtu anasimama, anasoma majina ishirini ya matajiri na wasanii, anatuambia tujitahidi, tunapiga makofi, tunakula pilau, tunakwenda zamu ya usiku. Mimi ni fundi cherehani. Nilianza kushona Ngamiani, Tanga, nikiwa binti wa miaka kumi na minne, na mpaka leo jambo nisiloweza kulipitishia uzi halinikai kichwani. Nikamwambia aliyenialika: nitakuja, ila nitasimulia habari za watu wa asili moja tu, Walebanoni, na nitaanzia kwenye sindano.

Kwa nini hao? Kwa sababu ukitoka hapa ukashika barabara ya kaskazini, saa mbili na nusu hivi, unaingia Toledo. Kule Walebanoni wameishi zaidi ya miaka mia moja. Nilipofika nchi hii, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupunguza na kupanua nguo kwa mama mmoja wa huko, Mungu amrehemu, ambaye bibi yake alitembea vijijini na kasha mgongoni. Alinionyesha picha ya bibi huyo. Mzigo ulikuwa mkubwa kuliko aliyeubeba.

Lebanon ya bibi huyo bado haikuwa nchi. Ulikuwa mlima chini ya Sultani wa Uturuki, na mlima ule uliishi kwa hariri. Familia zilipanda miforsadi, zikafuga viwavi, na nyuzi zikapelekwa Lyon, Ufaransa. Hariri ya Uchina na Japani ilipojaa sokoni, bei ikaporomoka. Ardhi ni finyu, watoto ni wengi. Kuanzia miaka ya 1880 watu wakaanza kuteremka bandarini Beirut, na hadi vita vya 1914 vilipofunga bahari, inakadiriwa kwamba theluthi moja ya watu wa Mlima Lebanon walikuwa wamekwishaondoka. Waliobaki wakakutwa na njaa kuu ya 1915 hadi 1918, ambayo mpaka leo wazee wao wakiitaja hushusha sauti.

Walioshuka melini New York waliandikwa Waturuki, baadaye Wasiria. Wengi hawakujua Kiingereza hata cha kuombea maji. Lakini palikuwa na mtaa wa Washington, kusini mwa Manhattan, na pale palikuwa na maduka ya ndugu waliotangulia. Unaingia dukani, unapewa mzigo kwa mkopo, unaelekezwa treni, unateremkia mahali usipopajua, unaanza kugonga milango. Sisi tungewaita wamachinga. Wao waliuita mzigo ule kashshah, na inasemekana neno hilo limetoka kwa Mreno, kulikotoka pia kasha letu la Kiswahili. Ndani yake mlikuwa na nini? Sindano. Nyuzi. Vifungo, lesi, tepe, mikasi, vitambaa vya mezani, na rozari walizodai zimetoka Nchi Takatifu. Nyingine zilitoka kweli. Wanawake nao walibeba, tena wengi, kwa sababu mke wa mkulima aliye peke yake nyumbani humfungulia mlango mwanamke mwenzake kabla hajamfungulia mwanamume.

Mmoja wa wanawake hao alikuwa Kamila, kutoka kijiji cha Bsharri. Mumewe alikuwa amepata kesi ya fedha za kodi, nyumba ikashikwa. Mwaka 1895 akachukua watoto wake wanne akaenda Boston, akauza lesi na mashuka mlango kwa mlango. Mmoja wa watoto hao mnamjua, hata kama hamjui kwamba mnamjua: Kahlil Gibran, mshairi na mchoraji, ambaye kitabu chake cha mwaka 1923 maneno yake husomwa kwenye harusi za dunia nzima, na nimeyasikia hapa hapa Columbus kwenye harusi ya Waswahili. Jina lake halisi lilikuwa Gibran Khalil Gibran. Shuleni wakaona ni refu, wakalikata na kuligeuza herufi, likabaki hivyo.

Mimi lakini nataka mumjue dada yake, Marianna. Kati ya 1902 na 1903 nyumba ile ilizika watu watatu: mdogo wao Sultana, kaka yao, kisha mama. Wakabaki wawili. Kijana anachora na kuandika, wala kuchora na kuandika hakulipi kodi ya nyumba. Marianna akaenda kushona kwa fundi wa nguo za kike, na kwa sindano ile kaka yake akala, akavaa, akanunua rangi. Watu wanaopenda mashairi yake humtaja mwanamke mwingine, mwalimu mkuu wa shule aliyemsaidia kwa fedha, na ni haki wamtaje. Marianna hutajwa kwa mstari mmoja. Leo nimempa aya nzima.

Sasa nije kwa mtu wangu. Anaitwa Michael DeBakey. Alizaliwa Lake Charles, Louisiana, mwaka 1908, kwa wazazi Walebanoni. Jina la ukoo lilikuwa Dabaghi, na sisi wa pwani hatuhitaji mkalimani, maana kudabaghi ngozi tunakujua. Baba alikuwa na duka la dawa. Mama, Raheeja, alikuwa stadi wa kushona, na mwanawe wa kiume akaketi karibu naye akajifunza kushona na kufuma. Kabla hajabalehe alikuwa anajua kushika sindano kuliko baadhi ya watu niliowaajiri.

Jumapili familia ile ilikuwa na kawaida ya kupeleka nguo na chakula kwenye nyumba ya yatima. Siku moja mtoto akaona kofia yake aipendayo imewekwa kwenye mzigo wa kugawa. Akalia. Mama akamwambia unazo nyingi, wale hawana hata moja. Alisimulia kisa hicho hadi uzeeni, baada ya kupasua vifua vya maelfu ya watu, na kofia ilikuwa bado inamuuma kidogo. Mimi naipenda sehemu hiyo, kwamba bado inamuuma.

Akaenda kusomea udaktari New Orleans. Akiwa mwanafunzi bado, mwanzoni mwa miaka ya 1930, alitengeneza pampu ya kusukuma damu kwa magurudumu madogo yanayokamua mpira. Miaka ishirini baadaye pampu ya namna hiyo ikawa kiungo cha mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu wakati moyo umesimamishwa ili utengenezwe. Mwaka 1939, yeye na mwalimu wake Alton Ochsner waliandika kwamba sigara inahusiana na saratani ya mapafu. Wakati huo madaktari wenyewe walikuwa wanavuta wodini, na wenzao waliwacheka.

Lakini mimi nilikuja kusema habari ya kitambaa. Mshipa mkubwa utokao moyoni huweza kututumka kama mpira wa baiskeli uliochakaa. Ukipasuka, mtu hana muda hata wa kuaga. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 DeBakey, akiwa Houston, Texas, alitaka kukata kipande kibovu cha mshipa na kuweka kingine badala yake. Cha nini? Akafikiria nguo. Akaenda duka kubwa la mjini kununua nailoni. Nailoni imekwisha. Muuzaji akamwambia, tuna kitu kipya, kinaitwa Dacron, jaribu. Hiyo Dacron, dada zangu, ni nasaba moja na tetroni, ile ya suruali za baba zetu isiyokunjamana wala kuchanika. Akanunua yadi moja. Akaenda nyumbani, akakaa kwenye cherehani ya mkewe, akakata vipande viwili, akaviunga pembeni kwa mshono, likatoka bomba la kitambaa.

Nilipoisoma habari hii maktaba nilifunga kitabu nikatoka nje. Nilikuwa nimeshona maisha yangu yote bila kuwaza kwamba damu inaweza kupita ndani ya nguo. Inapita. Hupenya kidogo kwenye matundu ya ufumaji, ikaganda, kisha mwili wenyewe unajijengea utando juu ya kitambaa kana kwamba unasema haya, huyu ni wetu. Baadaye alipata mtaalamu wa nguo wa Philadelphia aliyemtengenezea mashine ya kufuma bomba lisilo na mshono. Mpaka leo mishipa ya poliesta inashonwa ndani ya vifua vya watu ulimwenguni kote. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na sisi tulidhani ni maneno ya kumpatia mgeni kuku.

Hapa nitasimama kidogo, maana kuna jambo ambalo wenye kusoma majina ishirini hawalisemi.

Uraia wa Marekani wakati ule ulikuwa kwa sheria iliyosema mtu mweupe huru, au mtu wa asili ya Afrika. Msiria ni nani? Mahakimu wakakosana. Mmoja anasema mweupe, mwingine anasema mtu wa Asia. Mwaka 1915 kesi ya George Dow, mhamiaji aliyekuwa akiishi South Carolina, ilifika mahakama ya rufani, ikaamuliwa kwamba Wasiria ni weupe. Mlango ukafunguka: uraia, na mengi yanayoambatana na rangi katika nchi hii. Mwaka 1924 ikaja sheria ya kubana idadi, mlango wa bandarini ukakaribia kufungwa kabisa, lakini waliokwisha kuingia walikuwa ndani, tena upande wa mbele wa basi, walikokaa weupe. Nasema hivi kwa sababu mtakutana na watu wa kuwauliza mbona wale walifaulu upesi. Jibuni kwa adabu, lakini jibuni. Walifanya kazi kama punda, hilo hakuna ubishi. Na karatasi yao iliandikwa neno ambalo yetu haijaandikwa.

Ndiyo maana nampenda mtoto wa Toledo ninayetaka kumtaja sasa. Alizaliwa 1912, Deerfield, Michigan, akakulia Toledo, wazazi wametoka Bsharri ile ile ya Gibran. Jina: Amos Muzyad Yakhoob Kairouz. Alipoanza kuchekesha watu kwenye vilabu vya usiku aliona aibu ndugu zake wasikie, akaficha jina. Akachukua jina la kaka yake mdogo na la kaka yake mkubwa, akayaunganisha: Danny Thomas.

Wakati fulani huko Detroit mkewe alikuwa anakaribia kujifungua na nyumbani hakuna kitu. Akaingia kanisani, akajisahau kwa mahubiri, akatia kwenye sahani ya sadaka dola saba alizokuwa nazo zote. Akamwomba Mtakatifu Yuda Tadei, ambaye Wakatoliki humwendea mambo yakishindikana: nionyeshe njia yangu, nami nitakujengea mahali pa heshima. Njia ikaonekana. Akawa nyota wa televisheni nchi nzima. Wengi wetu, tuseme kweli, nadhiri tulizoweka tukiwa na dola saba huwa tunazisahau tukifika dola mia saba.

Yeye akaamua mahali pa heshima pawe hospitali ya watoto, Memphis, Tennessee, na mzazi asipewe bili. Pesa ya kujenga ni moja, ya kuendesha kila mwaka ni nyingine. Mwaka 1957 akawaita wenziwe wenye asili ya Lebanon na Siria, wana wa wale wachuuzi, akawaambia nchi hii imewapokea wazee wetu, tuishukuru pamoja kwa kitu kimoja. Wakaunda umoja wa hisani wenye jina la asili yao, na umoja huo ndio unaoitafutia hospitali fedha hadi leo. Mchoro wa jengo la kwanza, umbo la nyota, aliuchora bure Paul Williams, msanifu Mweusi kutoka Los Angeles. Hospitali ya St. Jude ikafunguliwa Februari 1962. Ni Kusini hiyo, mwaka 1962, bado kuna mabomba ya maji ya weupe na ya weusi. Wodi za watoto zikawa moja, na madaktari Weusi wakaajiriwa. Wakati ule, katika watoto mia wenye saratani ya damu iliyo ya kawaida zaidi kwa watoto, walipona wanne. Sasa pale wanapona zaidi ya tisini. Danny Thomas alifariki Februari 1991, siku mbili baada ya kusherehekea kumbukumbu ya kufunguliwa kwa hospitali, akazikwa hapo hapo bustanini.

Wengine nitawapitia haraka, muda unakimbia na naona wapishi wananiangalia.

Ralph Nader, Winsted, Connecticut, 1934. Wazazi walikuwa na mkahawa, na baba, Nathra, alipokea kila mteja kwa mjadala wa siasa. Mtoto akirudi shule baba humuuliza: leo umefundishwa kuamini au umefundishwa kufikiri? Mtoto akakua akawa mwanasheria, na mwaka 1965 akaandika kwamba kampuni za magari zinajua magari yao yanaua na hazijali. General Motors ikamwekea wapelelezi. Machi 1966 rais wa kampuni hiyo akaomba radhi mbele ya maseneta, na Septemba mwaka huo sheria ya usalama wa magari ikatiwa saini. Mikanda mliyofunga mkija hapa ina mkono wake. Aligombea urais pia, na mwaka 2000 wengi walimlaumu kwamba aligawa kura za Florida, jimbo lililoamua mshindi kwa tofauti ya kura 537. Hawajamsamehe, naye hajaomba.

Helen Thomas: baba yake alikuja kutoka Tripoli ya Lebanon akiitwa Antonious, akawa na duka la vyakula, na hakujua kusoma wala kuandika. Binti yake akaripoti habari za Ikulu ya Marekani kuanzia Kennedy hadi Obama, kiti cha mbele, jina limeandikwa kwenye kibati. Baba hasomi, binti anawauliza marais maswali wasiyoyapenda. Mwaka 2010 alisema maneno makali juu ya Wayahudi wa Israeli, akaomba radhi, akastaafu kwa fedheha. Nayataja kwa sababu yalitokea. Kazi ya miaka hamsini ilitokea pia.

Na wako wasuluhishi. Philip Habib, mtoto wa Brooklyn, mwaka 1982 alitumwa Beirut, nchi ya wazazi wake, kuzuia mji usimalizwe kwa mabomu. George Mitchell wa Maine aliongoza mazungumzo yaliyoleta mapatano ya Ireland ya Kaskazini ya 1998. Mama yake, Mintaha, alikuja kutoka Lebanon akiwa msichana, akafanya kazi usiku kwenye kiwanda cha nguo, hajui kusoma. Usiku, kiwanda cha nguo. Nawaona mnaotazamana. Na sasa, nyinyi wa Kongo mmekwisha kulisikia jina hili redioni: Massad Boulos, mzaliwa wa Lebanon, mshauri wa Marekani wa mambo ya Afrika, aliyehangaika kati ya Kinshasa na Kigali hadi mkataba wa tarehe 27 Juni 2025 ukatiwa saini Washington. Kuhusu mkataba huo sitasema zaidi. Nyinyi mnaopiga simu Bukavu na Goma kila Jumamosi mnajua karatasi imefika wapi.

Sijamsahau Elias Corey wa Methuen, Massachusetts, aliyepata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1990. Ukoo wake uliitwa Khoury, yaani padri. Baba alifariki mtoto hajafika miaka miwili, mama akambadilisha jina akampa la marehemu. Na kwa mafundi wenzangu wa suruali, Haggar mnayoiona kwenye lebo madukani ni jina la mtu, Joseph Haggar wa Jezzine, aliyeanza kiwanda chake Dallas mwaka 1926.

Nimalizie kwa DeBakey, maana sikumaliza. Alasiri ya siku ya mwisho ya mwaka 2005, akiwa na miaka 97, alikuwa peke yake nyumbani akitayarisha mhadhara. Kifua kikamchoma kama kisu. Akajua ni nini, kwa sababu ugonjwa huo, wa mshipa mkubwa kuchanika kuta zake, ni yeye aliyevumbua namna ya kuutibu. Alikataa kupasuliwa kwa wiki kadhaa. Hali ikawa mbaya, akapoteza fahamu, madaktari wakabishana: mzee wa miaka 97, nani athubutu? Mke wake akasimama kidete, kamati ya maadili ikakutana usiku, na Februari, George Noon, aliyefanya naye kazi miaka mingi, akamfungua kifua, akakata kipande kilichoharibika, akashona badala yake bomba la Dacron. Akapona. Akarudi kazini, akaishi hadi Julai 2008, miezi miwili kabla ya kutimiza miaka mia, na kitambaa kile ndani yake.

Basi. Vyeti viko hapa mezani, na kila cheti kina pakiti ya sindano juu yake. Mama wa kwanza apite mbele.